Rangi mpya juu ya chumvi: nyumba ya Ngamiani ikarabatiwe kabla ya kuuzwa?

Kikao cha familia kinachoketi kuamua kuuza nyumba ya urithi hapa Tanga hakikosi mtu wa kusema kwamba nyumba haiuziki katika hali iliyo nayo, na kwamba ikipigwa lipu upya, ikaezuliwa na kuezekwa mabati mapya, kisha ikatandikwa vigae, itapata bei ya maana. Aghalabu msemaji huyo ndiye anayeishi mbali zaidi na nyumba yenyewe. Mwingine hudakia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee wanatikisa vichwa kukubali, na kikao kinafungwa kwa kuchangishana. Nimehudhuria vikao vya namna hiyo vya kutosha kuona kwamba methali hiyo inatumiwa mahali pasipo pake. Anayeziba ufa ni mtu atakayelala chini ya ukuta huo mwaka kesho. Anayeuza na kuondoka ana swali jingine la kutangulia, nalo ni hili: mnunuzi atakayekuja ananunua kuta, au ananunua kiwanja?

Kwa nyumba za Ngamiani, mitaa ya zamani ya katikati ya mji wetu, hasa zile zilizo kwenye barabara za namba zenye biashara, jibu si gumu kulipata, na halihitaji mtaalamu. Mwuzaji atembee mtaani kwake, azikumbuke nyumba tatu au nne za mwisho zilizobadilisha mikono, kisha atazame kinachosimama hapo leo. Kama mbili kati yake zimekuwa frem za maduka chini na vyumba juu, au zimezungushiwa mabati na lundo la kokoto limemwagwa mbele, basi amekwisha kupata habari yake. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na uwani nyuma kwenye jiko, kisima na choo, ilikuwa jibu zuri la maisha ya mji kwa miaka mingi. Lakini mtu mwenye fedha za kununua kiwanja katikati ya mji leo mara nyingi ana ramani yake mfukoni, na ramani hiyo haina ukumbi wala baraza. Vigae vilivyowekwa mwezi uliopita atamlipa kibarua avivunje. Kwa mnunuzi wa aina hiyo, ukarabati hauongezi bei hata kidogo, na pengine unaipunguza, kwa kuwa mwuzaji aliyekwisha kutumia fedha huona haya kushuka, akakaa na bei yake hadi mnunuzi akahamia kiwanja cha jirani.

Hali hubadilika tukitoka Ngamiani. Nyumba ya Raskazone, Sahare au sehemu za Chumbageni, yenye ua, maegesho na choo cha ndani, hununuliwa na familia inayotaka kuhamia, na mtu anayetaka kuhamia hutazama bomba, choo na dari kwa jicho la mtu atakayevitumia Jumatatu. Huko nitaafiki matengenezo, tena bila kusita, ilimradi yawe ya vitu vinavyomzuia mtu kuishi. Makorora, Mabawa, Usagara na Mikanjuni ziko katikati ya hali hizi mbili, na mtu asiamue kwa jina la mtaa. Aamue kwa nyumba zilizouzwa karibu naye.

Nitulie kwenye suala la kuta, maana hapo ndipo fedha nyingi za wauzaji wa pwani zinapopotelea. Kuta za nyumba zetu hutoa chumvi. Chanzo chake kwa kawaida ni viwili vinavyosaidiana: mchanga wa ufukweni uliotumiwa kujengea au kupigia lipu bila kuoshwa, na unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa sababu msingi haukuwekewa kizuizi cha maji. Maji yanapopanda ukutani huyeyusha chumvi na kuibeba hadi usoni. Yakikauka, chumvi inabaki, inaganda, inatanuka, na inaisukuma rangi hadi ibanduke kama gamba. Nyumba za zamani zilizojengwa kwa miti na udongo, au kwa mawe ya matumbawe, na kupakwa chokaa, zilikuwa na nafuu yake, kwa kuwa chokaa huuacha unyevu utoke. Tulipojifunza kuzipiga lipu ya saruji ili zionekane za kisasa, tuliufungia unyevu ndani, nao ukatafuta pa kutokea juu zaidi. Ndiyo maana mstari wa chumvi katika nyumba nyingi uko kimo cha goti upande uliobaki na chokaa, na kimo cha kiuno upande uliopigwa saruji.

Sasa mtu anayetaka kuuza huchukua kopo la rangi. Nalisema hili nikiwa miongoni mwa wakosaji. Tulipouza nyumba ya mama yetu mdogo, tulipaka rangi ya krimu ndani na nje mwezi wa Februari, tukaona nyumba imekuwa bibi harusi. Masika yalipoingia, ukuta wa chumba cha mbele ulianza kutoa vipele, na wiki ya tatu unga mweupe ukawa umemwagika sakafuni. Mnunuzi aliyekuja alikuwa mzee wa Kidigo asiyependa maneno mengi. Alipitisha kidole ukutani, akakilamba, akanitazama, kisha akauliza kwa upole, "Na juu ya dari mmepaka nini, mwanangu?" Dari ilikuwa nzima na bati halikuvuja. Hata hivyo bei aliyoitaja ilikuwa ya nyumba inayovuja, na sikuwa na uso wa kumbishia. Laiti tungeuacha ukuta na chumvi yake, angetukata thamani ya ukuta mmoja. Tulipouficha, alitukata thamani ya kila kitu ambacho hakuweza kukiona.

Tiba halisi ya chumvi ipo, lakini ni kubanja lipu hadi kimo kilicho juu ya mstari wa unyevu, kuacha ukuta upumue kwa miezi, kushughulikia maji ya nje yanayotuama kwenye msingi, kisha kupiga lipu kwa mchanga uliooshwa. Hiyo ni kazi ya mtu anayebaki. Mwuzaji hana miezi hiyo, na hata akiwa nayo hatalipwa kwayo, kwa sababu ukuta uliotibiwa na ukuta uliofichwa havitofautiani siku ya kuonyesha nyumba.

Bati ni habari nyingine kidogo. Upepo wa bahari hula mabati membamba haraka, na wengi wetu tuliezeka kwa geji 32 au 30 kwa kuwa ndizo tulizozimudu, ilhali geji 28, ambayo ni nene zaidi ingawa namba yake ni ndogo, ingestahimili. Mwuzaji ambaye paa lake lina kutu hana sababu ya kuliezua lote. Lakini paa linalovuja ni lazima lizibwe, kwa sababu uvujaji haukai mahali pamoja: unaozesha papi, yaani mbao zinazopigiliwa bati, unaita mchwa, unaangusha dari, na katika mji unaopata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, kipindi kati ya bango la kwanza na mnunuzi wa kweli kinatosha kuharibu chumba kizima. Mara nyingi uvujaji huanzia kwenye misumari iliyolegea, kwenye kofia, yaani bati la kilele cha paa, au kwenye maungio, na fundi mmoja na kijana wake humaliza kazi hiyo kwa siku mbili. Apande pia na nyundo agonge kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa. Mbao inayotoa sauti ya kopo tupu imekwisha kuliwa, na ni heri mwuzaji alijue hilo kabla mnunuzi hajalijua. Hapo methali ya ufa inastahili, kwa kuwa inamlinda mwuzaji asizidi kupoteza wakati anasubiri.

Tuje kwenye hesabu. Natumia namba za mfano tu, na kila mmoja aweke zake. Tuseme nyumba imepata mtu wa kutoa shilingi milioni 70 kama ilivyo. Familia inaambiwa kwamba ukarabati wa milioni 18 utaifikisha milioni 95. Kwenye karatasi hiyo ni faida ya milioni 7, na ndiyo inayotajwa kikaoni. Lakini hakuna ukarabati wa nyumba ya zamani uliokwisha kwa bajeti ya mwanzo, maana kila lipu inayobanjuliwa hufichua jambo. Ongeza sehemu moja ya tano, ifike milioni 21 na laki 6. Vyumba vinne vilivyopangishwa kwa shilingi 50,000 kila kimoja vitakaa vitupu kwa miezi mitano ya kazi: milioni 1 imekwenda. Dalali anayechukua asilimia 5 atachukua asilimia yake kwenye ile nyongeza ya milioni 25 pia, yaani milioni 1 na robo. Kodi nayo haikosi. Mkazi anayeuza jengo hulipa asilimia 10 ya faida, na gharama za matengenezo zenye risiti hupunguza faida hiyo. Lakini nyumba za urithi mara chache huwa na kumbukumbu za gharama za tangu mwanzo, na tangu mwaka 2022 sheria inamruhusu mkazi asiye na kumbukumbu hizo kulipa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Anayefuata njia hiyo harudishiwi chochote kwa ajili ya saruji aliyonunua, na kwenye nyongeza ya milioni 25 atalipa laki 7 na nusu zaidi.

Jumla ya yote hayo ni milioni 24 na laki 6. Kutoka kwenye milioni 25 zimebaki shilingi laki 4. Kama marehemu aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, na mirathi inagawanywa kwa sheria ya Kiislamu kama ilivyo kwa familia nyingi za hapa, mjane atapata thumni, sehemu moja ya nane, yaani shilingi 50,000, kila binti 50,000, na kila mtoto wa kiume laki moja. Hayo ndiyo malipo ya miezi mitano ya vumbi, simu za fundi usiku na safari za kutoka Dar es Salaam kuja kukagua. Na hapo tumedhani kwamba bei ya milioni 95 imepatikana. Ikipatikana milioni 90, familia imepoteza zaidi ya milioni 4 kwa kujitakia.

Kuna gharama nyingine isiyoingia kwenye jedwali, nayo ni ile inayovunja undugu. Wachangaji huwa hawachangi sawa. Kaka mwenye kazi nzuri hutoa milioni 12, dada anatoa laki mbili, mjane hatoi kitu kwa kuwa hana. Nyumba ikiuzwa, kaka anadai fedha zake zirudi kwanza na juu yake apate ziada, kwani bila yeye bei isingepanda. Wengine wanasema alimjengea mzee wake na thawabu zipo kwa Mungu. Katika mirathi, deni hulipwa kabla ya mgawanyo. Lakini ili fedha hizo ziwe deni ni lazima ziwe ziliandikwa kuwa deni siku zilipotolewa, kwa kukubaliwa na msimamizi wa mirathi na warithi, si siku ya kuhesabu noti. Familia isiyoweza kuketi na kuandika karatasi moja ya namna hiyo haiko tayari kukarabati pamoja, hata kama hesabu zake za bati ni sahihi. Nimeona kesi za mirathi zilizodumu kuliko mabati yaliyozianzisha.

Fedha kidogo ambazo familia ingezitupa kwenye rangi zina mahali pazuri zaidi pa kwenda, nako ni kwenye makaratasi. Nyumba nyingi zinazouzwa katika mitaa ya zamani bado ziko kwenye jina la babu. Hati ipo, au kuna barua ya toleo, ile ya kugawiwa kiwanja, iliyokunjwa ndani ya msahafu, lakini mwenye jina alifariki zamani, na mtoto wake aliyekuwa akilipa kodi ya pango la ardhi naye amefariki. Mnunuzi makini akisikia hivyo haulizi tena habari ya dari. Kuomba usimamizi wa mirathi mahakamani, kumsajili msimamizi kwenye hati, kulipa malimbikizo ya pango la ardhi, na kuhakikisha kwamba mipaka ya kiwanja inalingana na ramani, hasa pale jirani alipojenga choo chake nusu mita ndani ya uwani kwenu, ni kazi zinazochukua muda kuliko kupaka rangi, na ndiyo sababu watu huanza na rangi. Lakini ndizo zinazobadilisha aina ya mnunuzi anayeweza kuja. Mtumishi anayenunua kwa mkopo hawezi kupewa fedha na benki kwa nyumba isiyo na hati safi, hata iwe na marumaru hadi ukutani. Nyumba ileile ikiwa na chumvi kimo cha kiuno lakini hati ikiwa kwa jina la msimamizi aliyeteuliwa, inaweza kufikiriwa. Kwa anayeuza nyumba yake mwenyewe akiwa hai, karatasi ya kwanza ni ridhaa ya mwenzi wake, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenziwe; na sijui fundi rangi anayeweza kuziba ufa wa namna hiyo.

Yapo pia maneno ya mji kukua. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, nchini Uganda, linaishia Chongoleani, ng'ambo ya ghuba yetu, na tangu uamuzi wa uwekezaji wa mwaka 2022 madalali hawaishi kuwaambia wenye nyumba wakarabati wangoje wageni. Sina shaka kwamba ardhi ya Tanga ina thamani kuliko ilivyokuwa. Ninachotilia shaka ni kwamba thamani hiyo inapita kwenye lipu ya nyumba ya vyumba sita. Anayekuja na mradi hutafuta kiwanja kitupu, au nyumba iliyokamilika yenye kila chumba na choo chake; nyumba ya zamani iliyokarabatiwa nusunusu haimfai mmoja wala mwingine. Jirani zetu wa Bagamoyo wanayo kumbukumbu ya kufundisha zaidi: makubaliano ya bandari yao yalitiwa saini mwaka 2013, matumaini ya bei yakapanda, na mwaka 2019 mradi ukasimamishwa. Aliyekuwa na kiwanja alingoja na kiwanja chake. Aliyekopa ili akarabati alingoja na riba.

Niongeze jambo kwa wenye nyumba zenye wapangaji, ingawa linastahili makala yake. Ikiwa hesabu inaonyesha kwamba ukarabati wa choo, maji na umeme utapandisha kodi ya kila chumba kwa kiasi cha kurudisha fedha ndani ya miaka michache, basi familia imegundua sababu ya kutouza. Wako waliokarabati kwa nia ya kuuza, wakaona kodi inaingia, wakaghairi. Hao hawakukosea, walikosea tu kuita jambo hilo maandalizi ya mauzo.

Kwa familia ambayo imekwisha kuamua kuuza nyumba ya Ngamiani yenye hali ya kawaida, ushauri wangu ni mfupi kuliko hesabu zilizoutangulia. Kofia ya bati na misumari yake virekebishwe. Taka na mbao za uwani ziondolewe, mti ulioegemea paa upunguzwe, chemba ifunikwe ili mtoto wa mgeni asitumbukie. Deni la maji lilipwe, na ijulikane mita ya umeme ni ya nani na kama kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kwenye LUKU, yaani malipo ya umeme ya kabla, imekuwa ikikatwa kwenye mita hiyo. Vyumba vifagiliwe na madirisha yafunguliwe siku ya kuonyesha. Ukuta wa chumvi uachwe, na mnunuzi aelezwe kabla hajauliza kwamba upande wa kusini una chumvi na ulianza lini; bei yake ikatwe hapo hapo, mbele ya macho yake, ili asijikatie mwenyewe kwa kukisia. Na kwa kuwa shughuli ya mahakamani na ya ardhi itakula miezi kadhaa, ianze sasa wakati mvua zinanyesha, bango litundikwe Juni, masika yakiwa yamekwisha na kuta zimekauka zenyewe.